Maji ya Zambarau na Kisigino Chako

Mdogo wangu uliyezima simu,

Kosa la watu wengi ni hili: wakiona doa jeusi kwenye ngozi, wanashughulika na weusi. Wanausugua, wanaupaka dawa, wanangoja upauke, na ukikataa kupauka wanauzoea kama mtu anavyozoea kiraka kwenye suruali. Lakini weusi si jibu la swali lolote. Weusi umekaa mbele ya jibu, umelifunika. Nilifanya kazi ya maabara hapa Nakuru mpaka magoti yakachoka na vile viti virefu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuusogeza weusi kando ili mtu aone kilicho nyuma yake.

Nakuandikia waziwazi kwa sababu sijui umelala kwa nani. Jina lako sitalitaja. Wanaokufahamu watajua ni wewe kabla hawajafika mwisho, na wasiokufahamu watakuwa wamesoma habari za kisigino cha mwanamke fulani mkaidi. Huenda wakageuza na nyayo zao wakazitazama. Barua hii nitaituma kwenye kundi la akina mama wa kanisa, kwa binti yako, na kwa yule rafiki yako mwenye kibanda cha chai Mai Mahiu. Mmoja wao atakusomea hata ukiziba masikio.

Niliketi kuandika asubuhi, nikainuka kumwagilia maua, nikarudi, nikainuka tena nikayamwagilia yale yale. Kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Unaikumbuka nyumba ya Elburgon, ile ya mbao zenye magome, baba alipokuwa akifanya kazi kiwandani? Sakafu ilikuwa udongo, na juu yake unga wa mbao ambao baba aliuleta kwenye nguo zake kila jioni. Funza waliipenda nyumba hiyo kuliko sisi. Jumamosi Mama alichemsha maji, akaweka karai kubwa katikati ya uwanja, akaita, "Leteni miguu!" Aliita hivyo hasa, kana kwamba miguu ni sufuria tulizoazima tukasahau kurudisha.

Mimi nilikuja. Wewe uliikalia. Ulikunja miguu chini ya gauni, ukaketi juu yake kama kuku anayeatamia.

"Toa mguu," Mama alisema.

"Sina."

"Huna mguu?"

"Nimeuacha kwa jirani."

"Basi jirani amefanya vizuri. Toa ule mwingine."

Alikuwa na kikaratasi cha dawa ya zambarau, zile punje nyeusi zinazong'aa. Akitupa chache majini, zilianza kuchora nyuzi za rangi kuelekea chini, na sisi wawili tukainama kutazama. Maji yalipofikia rangi ya ua la viazi aliacha. Mama hakuwa na mizani wala kikombe cha vipimo. Kipimo chake kilikuwa ua la viazi, na shamba lililochanua lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba. "Yakizidi hapo yanachoma," alisema.

Tukatia miguu. Wewe kwanza, maji yakiwa safi na moto. Mimi baada yako, na uchafu wako. Hilo sijalisahau.

Miguu ilitoka kahawia. Sijui kama unakumbuka jinsi ulivyolia Jumamosi ile ya kwanza, ukisema huwezi kwenda Sande Skuli kesho yake na miguu ya mzee. Mama alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaingia ndani, akatoka na nusu ya limau, akaanza kukusugua. Ulipiga kelele palipokuwa na kidonda. Lakini kila limau lilipopita, ukahawia uliondoka, na chini yake mguu wako ukarudi.

"Imeenda wapi?" ukauliza, kamasi zikiwa zimekufika mdomoni.

"Limau limeila," Mama akajibu. "Vaa viatu."

Nakuomba uishike picha hiyo, kwa sababu nitairudia: zambarau kwanza, kahawia baadaye, limau mwisho.

Nilipokwenda chuoni kusomea maabara, siku moja mwalimu wetu alituonyesha namna ya kutoa rangi ya ngozi kwenye kipande kilichokatwa kwa ajili ya kuchunguzwa. Alikitumbukiza kioo chenye kile kipande katika maji ya zambarau. Kikawa kahawia. Akakisuuza, akakitia kwenye asidi isiyo na rangi, na ukahawia ukayeyuka mbele yetu, kipande kikabaki cheupe kama karatasi ya kufungia siagi. Mimi nikacheka kwa sauti. Mwalimu akaniuliza kuna nini cha kuchekesha. Nikamwambia, "Ni mama yangu, mwalimu." Dawa ilikuwa ile ile. Asidi haikuwa ya limau, ni kali kuliko hiyo na haichezewi, lakini kazi yake ilikuwa ile ya limau.

Likizo nilikuja mbio kukusimulia. Ulikuwa unachambua maharagwe. Ukaniangalia kwa huruma, ukasema, "Kwa hivyo umetoka hapa mpaka chuo kusomea limau?"

Tangu siku hiyo, kila mtu aliponisifu mbele yako, uliongeza, "Ndiyo, ni msomi wa limau."

Sasa nije kwa minji.

Ulikuwa umekuja kwangu Lanet na gunia la vitunguu vyako vya Ndabibi, tukaketi kwenye mkeka barazani kumenya minji, zile njegere mbichi, kutoka kwenye maganda yake. Ulivua viatu, ukanyoosha mguu wa kushoto juani. Chini ya kisigino, upande wa ndani, kulikuwa na doa. Halikuwa duara. Ukingo mmoja ulikuwa mweusi kabisa, mwingine umefifia kama wino uliomwagikiwa maji. Nyayo zetu sisi watu weusi ni nyeupe kidogo, unajua hivyo, kwa hiyo lilionekana vizuri kuliko ambavyo lingeonekana mgongoni. Mikono yangu iliacha kumenya.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kitu ya kitambo."

"Ya kitambo gani?"

"Wewe menya minji. Nilidungwa na mwiba, ama ni funza alikufia hapo. Naiosha na ile dawa ya Mama. Halafu napitisha limau."

Nilidhani unatania. Hukuwa unatania. Ulikuwa umenunua ile dawa ya zambarau, na kila Jumamosi, peke yako kule Ndabibi, mwanamke mwenye wajukuu, ulikuwa unaloweka kisigino kwenye karai, ukitoka kahawia unajisugua limau. Ukahawia ulitoka. Doa lilibaki. Ukaona dawa ya siku hizi imechakachuliwa, ukaongeza punje.

Nimefikiria sana jambo hilo. Watu wengine hupaka dawa ya meno, wengine mafuta ya breki. Kosa lako lingeweza kufanywa na mtu wa nyumba yetu tu. Na si kosa la mjinga. Ulikuwa umeona kwa macho yako kwamba limau linakula rangi. Ulichokosa kujua ni kwamba kuna rangi iliyo juu ya ngozi na rangi iliyo ndani yake. Ile ya juu ilikuwa ya dawa yenyewe, na limau liliiondoa. Ile ya ndani inatengenezwa na ngozi iliyo hai, chini kuliko dawa inavyofika. Ukiongeza punje unajiunguza tu. Kwa namna fulani limau lilikufanyia kipimo cha kweli kila Jumamosi: lilikuonyesha kisichotoka. Hukutaka kulisikia.

Nilikuambia twende hospitalini kesho yake. Ukasema, "Kwa doa?" Nikasema kwa doa. Ukasema haliumi. Nikakueleza kwamba mengi ya madoa kama hayo hayana neno, lakini yale yenye neno huwa hayaumi mapema. Kwa watu wa rangi yetu, yakija, hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Watu husema mtu mweusi hapati saratani ya ngozi, basi akiipata inaitwa mwiba, inaitwa funza, inaitwa kiatu kilichobana, mpaka wakati umekwenda.

"Umeanza lesoni," ukasema. Lakini ulikuja.

Daktari alikata kipande kidogo, ukamtania kwamba arudishe chenji. Tuliporudi kwa majibu, akatuambia kwa upole kwamba kioo hakikusomeka. Rangi ya ngozi ilikuwa nyingi mno, imefunika kila kitu. Maabara ingetoa rangi kwanza, kisha ipake rangi zake upya, ndipo aweze kusoma.

Ukamwangalia. "Kwa hivyo daktari mnanichubua hata nikiwa kwa chupa?"

Alicheka. Nesi akacheka. Mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Wewe hukucheka, na mimi niliyelala nawe kitanda kimoja miaka yote ya utoto ningepaswa kukutazama usoni. Nilikuwa nachukua mkoba.

Pale nje, kwenye kibanda cha chai, hukuinywa chai. Ulisema mambo mawili. La kwanza: "Kama wenye mashine hawaoni kitu, basi hakuna kitu." Halafu, ukiwa umeshika kikombe kwa mikono miwili: "Na wakishatoa rangi yangu, watabaki wakiangalia ya nani? Si wataandika tu wanachotaka."

Nikaanza kueleza. Ukasema, "Wachana na mguu wangu, msomi wa limau." Asubuhi kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa, na simu yako imezimwa mpaka leo.

Nimeyageuza maneno yako ya kibandani kila siku. Sidhani uliogopa kisu. Wewe ndiwe uliyekuwa mweusi kuliko sote nyumbani, na shuleni walikuita Makaa. Ulikuwa unawajibu, "Makaa ndiyo yanapika chai yenu." Baadaye, wasichana wa rika letu walipoanza kununua mikebe ya krimu na kutoka na nyuso za rangi moja na masikio ya rangi nyingine, ulikataa hata kuishika. Dukani mwenye duka alikuonyesha, ukamwambia, "Niuzie sabuni ya kufulia, boss, hii uso haijachafuka." Maisha yako yote watu wametaka kukutoa rangi, na ulipofika hospitalini, na dada yako kando yako, ukaambiwa kwamba rangi itatolewa kwanza.

Basi nikueleze sasa, usiponikatiza.

Kile kipande kililowekwa kwenye formalini kisioze. Kikatolewa maji, kikazamishwa ndani ya nta ya moto, nta ikaganda. Kikakatwa vipande vyembamba. Wewe ni mkulima wa vitunguu: lile ganda jembamba lililo kati ya tabaka mbili za ndani za kitunguu, linalopitisha mwanga ukiliinua juani, ni nene kuliko hivyo. Kila kipande hulazwa juu ya kioo. Kikiwa hivyo hakionyeshi chochote, kwa hiyo hupakwa rangi mbili: ya buluu inashika kiini cha kila seli, ya waridi inashika mwili wake. Daktari anayesoma anatazama viini hasa. Je, vimepanga mstari kama watu wanaongoja zamu, au vimeanza kusukumana? Vina ukubwa mmoja, au vingine vimevimba?

Sasa, rangi ya ngozi yetu hukaa wapi? Ukiitazama ngozi nyeusi yenye afya kwa darubini utaona kitu ambacho kilinipendeza hadi siku niliyostaafu. Chembe za rangi hukusanyika juu ya kiini, upande wa jua, kama kofia. Kila seli imevaa kofia yake. Hiyo ndiyo kazi ya weusi wako, mdogo wangu: kukinga kiini. Haujakosea mtu. Lakini palipo na doa, chembe hizo hurundikana mpaka kofia, uso na shati vyote havionekani. Daktari anainama, anaona usiku.

Kuna pia kipimo kingine kinachouliza seli fulani ni za aina gani, na jibu lake mara nyingi hutokea kwa rangi ya kahawia. Fikiria hapo. Jibu ni kahawia, ngozi ni kahawia. Ukiona kahawia, ni jibu au ni ngozi yenyewe? Mtu mwenye haraka husema ni jibu. Nimeona watu wazuri wakitaka kusema hivyo jioni ya Ijumaa.

Ndiyo maana rangi hutolewa kabla. Zambarau, kusuuza, asidi, kusuuza tena. Maabara nyingine hutumia ile dawa ya kidonda inayotoa povu, ikipashwa moto kidogo, na kungoja zaidi. Mkono mzito huharibu. Dawa ikizidi, kipande hubanduka kwenye kioo kikaelea kama utando wa maziwa, na sampuli ya mtu ndiyo hiyo imekwenda. Kwa hiyo hutazamwa, huinuliwa, hutazamwa tena. Hata hapo kuna ua la viazi, isipokuwa limeandikwa kwa herufi na tarakimu.

Na sasa lile ulilosema kibandani, kwamba wataandika wanachotaka. Sikiliza hapa. Hakivuliwi rangi kipande kimoja kikabaki peke yake. Kutoka kwenye nta ile ile hukatwa kingine, kikaachwa na weusi wake wote, kikawekwa kando. Daktari huangalia hiki, kisha kile, kisha hiki. Kingine cha mtu mwingine, kinachojulikana tayari, hupitishwa dawa ile ile siku ile ile, ili ionekane kama dawa imetoa kilichopaswa kutoka na kuacha kilichopaswa kubaki. Weusi wako uko pale, juu ya kioo, na namba yako. Hakuna aliyeutupa. Uliombwa kukaa kando kidogo, wengine waonekane.

Nimeinuka. Nimerudi. Maua sasa yatakufa kwa maji.

Siku ile uliyoondoka nilikwenda maabara. Anayesimamia meza yangu ya zamani ni Chebet, niliyemfundisha alipokuwa hajui hata kushika kioo kwa ukingo. Nilitaka kuingia. Akanizuia mlangoni kwa upole, "Mwalimu, wewe leo ni jamaa ya mgonjwa. Jamaa hukaa kwa benchi." Nikakaa kwa benchi. Bawabu akanipita mara kadhaa, mwishowe akaniuliza, "Mathe, unangoja nani?" Nikamwonyesha mlango wa maabara, kwa sababu niliyekuwa namngoja alikuwa kwenye kioo.

Kukaa nje ya mlango huku unajua kila kinachofanyika ndani ni adhabu. Nilijua sasa ni zambarau. Nilijua sasa ni kusuuza. Niliposikia chupa ikigonga sinki nikasema, hiyo ni asidi, taratibu, Chebet, taratibu. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi juu ya mapaja yangu.

Nilirudi huko kila siku mpaka kioo kikafika kwa daktari na kutoka. Chebet akaja na kuketi kando yangu, akiwa amevua glavu.

"Mwalimu, imesomeka."

"Na?"

"Na majibu ni ya mwenye mguu."

"Chebet."

"Si ni wewe ulinifundisha? Uliniambia hata akija mama yako mzazi." Akanishika mkono. "Lakini daktari amesema aje mapema. Mwambie hivyo tu."

Mapema. Nimeligeuza neno hilo kila upande. Daktari mwangalifu humwambia kila mtu aje mapema. Daktari mwenye habari njema pia hutaka uache kuhangaika mapema. Kisha nalitazama upande mwingine na siketi tena. Wewe unanijua: sijawahi kuogopa kioo cha mtu. Hiki nakiogopa, na sijui kilichomo.

Nilikuja Ndabibi. Nikakuta kufuli, na jirani yako akiwa shambani kwako anakunyunyizia vitunguu. "Alisema anaenda Elburgon kuona wajukuu," akaniambia, "na akasema ukikuja nikwambie vitunguu viko sawa." Nikampigia binti yako. "Tata, alikuwa hapa," akaniambia mimi mama yake mkubwa. "Akachukua sweta akatoka. Nikimtajia mguu anaanza kuimba." Nikampigia rafiki yako wa Mai Mahiu, mwenye kibanda cha madereva wa malori. Alijibu upesi mno kwamba hajakuona tangu mwaka jana. Nyuma yake, katikati ya kelele za malori, mtu akakohoa. Nimelala kando ya kikohozi hicho utoto mzima.

Kwa hiyo nadhani najua uliko. Ningepanda gari nije leo hii. Lakini nikitokea mlangoni wewe utatoka kwa dirisha la jikoni, na kwa kisigino hicho sitaki ukimbie.

Rafiki wa Mai Mahiu, kama ndiwe unayemsomea, sina hasira nawe. Mwongezee chai. Endelea kusoma polepole, hasa hapa.

Mdogo wangu, sikuombi uamini mashine. Nakuomba uamini ulichokiona mwenyewe uwanjani kwetu. Uliona kitu kikifunikwa rangi, ukaona rangi ikiondolewa, na mguu uliotoka chini ulikuwa wako, si wa mtu mwingine. Hukupotea. Uliuliza imeenda wapi, ukavaa viatu, ukaenda kanisani. Maabara wamefanya hivyo hivyo na kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Mguu wako wenyewe hawajaugusa, na rangi yako unatembea nayo Mai Mahiu sasa hivi.

Umesema kama hawaoni basi hakuna kitu. Wakati ule hawakuona. Sasa wameona. Kile walichoona, kiwe kizuri au kibaya, ni chako, na kwa sasa kila mtu maabara anakijua isipokuwa wewe na mimi. Hilo ndilo linalonikosesha kukaa. Kama si neno, unamkimbia mtu aliyebeba habari njema. Kama ni neno, bado huenda kuna la kufanywa, na kila wiki unayojificha inapunguza la kufanywa. Nimekaa upande wa pili wa darubini maisha yangu yote na nimeona vipande vya watu waliokuja mapema na vya watu waliokuja wamechelewa. Vinatofautiana hata kwa macho ya mwanafunzi.

Mama hayupo tena wa kuita, na mimi sauti yangu haijawahi kukutisha. Ungekuwa hapa barazani ungenikumbusha kwamba nimefundisha somo zima na kengele haijalia. Sawa. Nimemaliza. Sitakueleza tena kuhusu ngozi mpaka uniulize. Tutakwenda pamoja mlangoni kwa daktari, na ukitaka niingie nitaingia, ukitaka nikae benchi nalijua benchi lile. Ukitaka kuapiza, niapize mimi. Nimezoea tangu karai. Minji mingine imeiva hapa na sina wa kumenya naye.

Najua kuja Nakuru ni jambo kubwa kwa moyo ulivyo. Kwa hiyo leo sikuombi uje. Naomba kitu kidogo kuliko hicho, ambacho hata mtu anayekalia miguu yake anaweza kukifanya bila kuinuka.

Nakuaga kwa sasa, nikiwa na simu yangu kwenye mfuko wa aproni, imejaa chaji.

Ni mimi, dada yako, niliyenawa miguu kwenye maji yako machafu.

Washa simu leo.